Jicho la Pili la Absadi

Katika zama zile ambapo wafalme wa Habeshi hawakuwa na mji mkuu ila hema, na dola nzima ilihama pale mfalme alipohama, alikuwapo mchoraji mmoja aitwaye Engeda. Alikuwa mwoga. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidai ushujaa nisio nao wa kumpa. Engeda aliogopa mbwa, aliogopa mito, aliogopa radi, na kupita hayo yote aliwaogopa wakubwa. Lakini mkono wake wa kulia ulisifiwa katika kila kanisa alilopata kulipaka rangi.

Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amechora kama alivyofundishwa na baba yake, naye baba yake kama alivyofundishwa na babu. Kazi ile ilikuwa na sheria. Nyuma ya mtakatifu hapakuwa na mlima wala mti, ila rangi ya dhahabu, kwa kuwa mbinguni si mahali pa kulimwa. Nyuso zote zilitazama mbele kwa macho makubwa, na zote zilikuwa uso mmoja: ukimtaka Petro unampa ufunguo, ukimtaka Giorgis unampa farasi. Na palikuwa na sheria iliyozipita hizo zote. Mtu mwema alichorwa na macho mawili. Mwovu, kama Yuda au askari waliomsulubu Bwana, alichorwa ubavuni, jicho moja tu likionekana, ili asipate kumtupia mwamini kijicho. Hata mtoto aliyejifunza kutembea juzi, akiuona uso wa ubavuni ukutani, alijua kwamba hapo ni pa kutema mate.

Basi mfalme akafariki, na kambini hapakuwa na mrithi. Desturi ya nchi ilikuwa kwamba mwana wa mfalme akifika miaka minane hupandishwa Amba Selimu, mlima mweusi wenye kichwa bapa na kuta zilizosimama wima pande zote, akafungiwa huko mpaka afe au aitwe, mtu asije akamtumia kumpindua baba yake. Mfalme huyu alikuwa amebakiwa na mwana mmoja, Absadi. Alipanda mlimani akiwa hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na huku chini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeujua uso wake, mama yake mzazi akiwemo.

Mama huyo, Malkia Amata, ndiye aliyeshika muhuri wa marehemu, na bila muhuri ule hakuna mfalme aliyetawazwa. Akasema na baraza kutoka nyuma ya pazia: "Mlima uko mbali, na mtu anaweza kubadilika njiani. Mchoraji apande, amchore mwanangu hukohuko juu, nipate kuiona sura yake. Nisipomjua, sipigi muhuri."

Waziri mkuu Zawde akainama, akasema litafanyika. Jioni ile akatuma Engeda aitwe.

Katika hema la waziri palitandikwa zulia la Shamu, na juu ya zulia palikuwa na gogo la mzeituni, na juu ya gogo shoka dogo. Engeda aliliona shoka kabla hajamwona waziri.

"Nimeiona kazi yako, fundi," alisema Zawde kwa upole. "Wale wazee ishirini na wanne wa kanisa la Mikaeli. Nilijaribu kuwatofautisha, nikashindwa."

"Ndivyo tulivyofundishwa, bwana wangu."

"Mmefundishwa vema, na ndiyo sababu nimekuchagua wewe. Nataka picha yako imfae yeyote."

Engeda alidhani masikio yamemchezea. "Yeyote, bwana wangu?"

"Yeyote mwenye macho mawili na pua." Waziri akapapasa gogo kwa kiganja. "Mkono wako wa kulia nauhesabu ni wangu mpaka utakaporudi. Ukifanya kama walivyofanya wazee wako, nitakurudishia. Tumeelewana?"

Engeda aliitikia kwa kichwa. Akatoka nje, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaenda nao hivyo hadi nyumbani.

Lakini waziri yule, pamoja na wapelelezi wake wote, palikuwa na jambo asilolijua.

Miaka michache kabla ya hapo aliishi karibu na kambi Mfaranji mmoja mzee, jina lake Tadeo, mchoraji kutoka Venisi, mji uliojengwa majini. Siku zile mgeni aliyeingia Habeshi alipewa shamba, alipewa mke, alipewa nyumbu wa kupanda. Kitu alichonyimwa ni ruhusa ya kuondoka. Tadeo alikuwa amekwisha kulia machozi yake yote, akabaki anachora. Engeda alimwendea mara ya kwanza ili akamcheke. Yule mzee akaweka yai dirishani, akampa mkaa na kipande cha ngozi ya mbuzi, akamwambia achore. Engeda akapiga duara zuri kwa mkupuo mmoja.

"Hili ni yai lipi?" aliuliza Tadeo.

"Ni yai. Mayai yote ni mayai."

"Hili hapa lina mchana upande wa dirisha, na upande wa pili lina jioni. Hilo lako, fundi, hakuna kuku aliyelitaga."

Engeda alikasirika, akarudi kesho yake, na kesho kutwa, akachora yai lile mwezi mzima hadi likavunda. Siku alipofaulu, siku yai lilipouacha ule ubapa wa ngozi na kuvimba mbele yake kwa kivuli chake lenyewe, aliogopa akalifunika kwa shuka.

"Hata kwetu mababu walichora kama ninyi," Tadeo alimwambia siku ile. "Dhahabu nyuma, macho mbele, uso mmoja kwa watu wote. Ilikuwa kazi ya heshima, siicheki. Kisha wakatokea mafundi waliokwenda kumtazama mtu mwenyewe: mfupa ulio chini ya shavu, kivuli kilicho chini ya mfupa. Wakampa mtakatifu uzito, akakanyaga ardhi. Wazee wetu walilia walipoziona picha zile, wengine kwa furaha, wengine kwa hofu. Maana ukimchora mtu mmoja kama alivyo, umekwisha kusema kwamba hafanani na mwingine. Na hilo wakubwa hawalipendi."

Miaka miwili Engeda alikwenda kwa mzee huyo kwa siri, na kila alichokichora huko alikichoma moto kabla ya kuondoka, kwa kuwa makasisi wangejua wangemtenga na kanisa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Masika yaliyofuata homa ikamchukua Tadeo, akamwachia mwanafunzi wake burashi moja nyembamba ya manyoya ya kindi. Burashi hiyo ilikuwa mkobani alipopanda nyumbu kwenda Amba Selimu.

Alisindikizwa na jemadari Asbe, mtu wa waziri, pamoja na mikuki thelathini na ngao za ngozi ya kiboko. Siku ya tatu waliufikia mguu wa mlima, wakapiga kambi katika msitu wa miti ya mitarakwa. Engeda alikwenda kijitoni kuchota maji ya rangi zake, na huko, nyuma ya vichaka, akasikia watu wakiulizana na kujibizana kama darasani.

"Yaya wako aliitwa nani?"

"Walata."

"Nyumbu wako wa kwanza?"

"Mweupe, mguu mmoja mweusi."

"Mama yako alikuimbia nini ukiugua?"

Pakawa na kimya, kisha sauti ya kofi, kisha jibu. Engeda akachungulia. Aliona kijana mzuri wa macho makubwa, amevikwa shuka ya pindo jekundu wanayovaa wana wa mfalme peke yao, na shavu limemwiva kwa kofi. Hapo akajua yule yeyote wa waziri ni nani. Akajua pia kwamba huyu akitawazwa, yule wa juu hawezi kuachwa hai. Alirudi kambini na mtungi mtupu, akasema kijito kimekauka.

Mlimani hapakuwa na njia ila kamba. Mtu alikaa kapuni, watawa walioulinda mlima wakamvuta juu kwa kamba ya ngozi iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Engeda alifumba macho tangu kapu lilipoacha ardhi. Upepo ukalizungusha, likagonga mwamba, na kila lilipogonga alimtaja mtakatifu mmoja. Alimaliza wale wote aliowahi kuwachora kabla hajafika.

Mtawa mkuu wa mlima, mzee aliyekauka kwa saumu, akampa masharti. Kuanzia asubuhi ile hadi kesho yake adhuhuri, basi. Tena ilikuwa haramu mtu wa nje kumtazama mwana wa mfalme uso kwa uso, asije akamtia tamaa ya kiti. Mwana wa mfalme angekaa dirishani akisoma Zaburi, na fundi angekaa ubavuni pake.

"Ubavuni, abba?" Engeda aliuliza.

"Sheria ya mlima haijui wachoraji," alijibu mtawa.

Absadi alikuwa mwembamba, ana ndevu changa, na vidole vyake vilikuwa na sugu kwa kulima bustani ya vitunguu. Pua yake ilishuka kutoka kwenye paji ikavunjika kidogo katikati, kisha ikaendelea, na mdomo wa chini ulitangulia wa juu. Hakugeuka.

"Fundi, mama yangu yu hai?"

"Yu hai, mwana wa mfalme. Ndiye anayeitaka sura yako."

Kurasa za Zaburi hazikufunuliwa. Engeda akaanza kazi. Alifanya alivyoamriwa: alipiga kwa mkaa ule uso wa baba yake na babu yake, macho makubwa mbele, pua nyembamba, mdomo mdogo. Hakuhitaji hata kumtazama aliyekaa dirishani. Jua lilipopinduka, Absadi akaomba kuuona ubao, naye akamnyoshea kwa pembeni.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, mwana wa mfalme."

"Miaka kumi na mitatu sijaona kioo," alisema Absadi, "lakini huyu simjui." Akaurudisha ubao taratibu. "Watawa wanaona mbali kutoka huku juu. Wameniambia kuna kijana kule mitarakwani amevaa nguo kama yangu. Siku yeye atakapopelekwa kwa mama yangu, mimi nami nitateremshwa. Ila mimi sitapewa kamba."

Engeda aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Wamekutisha kwa kitu gani?" aliuliza kijana.

"Mkono wangu, bwana."

"Basi chora ulivyoambiwa. Mkono ni wako. Mimi nilikuwa nataka tu mama anione mara moja."

Hakuyasema kwa kumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Engeda. Angelaumiwa angepata hasira, na hasira ingemsaidia kuwa mbaya. Alikaa akiutazama ule uso wa mkaa usio wa mtu, akawakumbuka wazee ishirini na wanne ambao waziri alishindwa kuwatofautisha, akaona haya kwa mara ya kwanza katika kazi yake. Akamega mkate, akaanza kuufuta uso ule kwa mkate. Alitetemeka hata meno yakagongana, lakini alifuta mpaka ubao ukawa mweupe.

Kisha akachora alichokiona. Alichanganya kiini cha yai na rangi, akatoa burashi ya kindi, akashuka na ile pua hadi ilipovunjika, akaendelea nayo. Akaweka mwanga wa dirisha kwenye paji na kivuli chini ya mfupa wa shavu. Akachora sikio, miaka ishirini na mitano, na hakuwahi kuchora sikio! Akachora jicho moja, kwa kuwa lilikuwa moja, kope zimeinama juu ya Zaburi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho yake adhuhuri Absadi alikuwa ubaoni, anapumua karibu, na Engeda alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka mtoni.

Alipoteremka, Asbe alimpokonya ubao kabla hajatoka kapuni. Akautazama. Akaugeuza, akautazama tena.

"Jicho la pili liko wapi?"

"Sikuliona, jemadari."

Asbe alicheka hadi mkuki ukamponyoka. "Umemchora Yuda! Waziri alitaka yeyote, wewe umempa msaliti! Nani atauliza anafanana na nani?"

Tazama walivyolelewa watu wale. Mbele yao palikuwa na uso wa mtu mmoja aliye hai, pua yake na sikio lake, wala hawakuuona. Waliona alama ya uovu, wakaishia hapo. Hata waziri Zawde, mwerevu wa werevu, alipoonyeshwa alitabasamu tu.

"Nisingethubutu kukuomba haya," alimwambia Engeda. "Picha hii watu wataifumbia macho, wamtazame yule nitakayemsimamisha. Malkia akighadhibika, mkono nitaukata kwa amri yake badala ya yangu. Kwangu ni mamoja."

Siku ya baraza hema jekundu lilijaa makabaila, makasisi na maakida, na gogo la mzeituni lilikuwa limeletwa likawekwa kando, limefunikwa kitambaa. Kijana wa mitarakwani alisimama katikati, ametazama mbele, macho yake mazuri yamejaa machozi aliyofundishwa. Alikuwa amekwisha kujibu kila swali: yaya, nyumbu, hata wimbo. Makabaila walikuwa wakinong'ona kwamba huyu ndiye.

"Malkia," alisema Zawde, "ulitaka picha, hii hapa. Mtu naye, ili tusipoteze siku, huyu hapa."

Akaondoa kitambaa juu ya ubao. Hema zima likaguta. Kasisi mmoja akatema mate. Wengine wakajificha nyuso kwa shuka, na sauti zikapaa kutoka kila pembe: amemweka mwana wa mfalme upande wa Yuda! Mkono! Mkono wake! Askari wawili wakamshika Engeda mabegani. Kitambaa cha gogo kikaondolewa. Naapa hapakuwa na fahari yoyote katika uso wake, alikuwa analia.

Pazia likafunguka, Malkia Amata akatoka nje.

Jambo hilo halijapata kutokea. Wote wakaanguka kifudifudi, isipokuwa askari waliomshika fundi, waliobaki hawajui waangukeje. Mama yule, mnene, mfupi, mwenye nguo nyeupe za matanga, alikwenda hadi kwenye ubao akasimama. Kisha akapeleka kidole chake polepole juu ya ile pua, ikashuka, ikavunjika, ikaendelea.

Akamgeukia kijana aliyesimama katikati. "Geuka, mwanangu."

Kijana hakuelewa. Hakuna aliyemfundisha kugeuka.

"Geuka. Tazama mlangoni."

Akamshika kidevu kwa mkono wake mwenyewe, akamgeuza ubavuni kwenye mwanga wa mlango. Pua ya kijana ilikuwa imenyooka kama upindo wa shuka.

"Inukeni," Malkia alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Ninyi mmemwona mume wangu mbele, tena kwa mbali, tena kwa pazia. Mimi nimelala kando yake miaka ishirini na minane. Kila alfajiri niliyoamka kabla yake niliiona pua hii na mdomo huu, hivi hivi, ubavuni. Aliyechorwa hapa ni mtoto wa yule. Na huyu mliyenisimamishia, Mungu amsamehe, ni mtoto wa watu."

Kijana akapiga magoti akalia, safari hii machozi yake mwenyewe. Waziri alishikwa mlangoni. Lakini Asbe alikuwa nje, na alipozisikia kelele zimegeuka alirukia farasi, akaifuata njia ya mlima. Mwongo akifichuliwa huharakisha kumfukia aliye hai.

Malkia akayeyusha nta nyuma ya ubao, akapiga muhuri ule alioukatalia baraza zima. Akatoa wapanda farasi mia mbili. "Na fundi aende," alisema. "Ni yeye peke yake anayemjua."

Engeda angetoa chochote abaki. Alifungwa juu ya farasi kama gunia, ubao mgongoni, na mwendo wa siku tatu wakaukata kwa siku moja na nusu. Walipofika, watu wa Asbe, aliowaacha pale tangu safari ya kwanza, walikuwa wameushika mguu wa mlima kwa mikuki na mishale, naye Asbe mwenyewe alikuwa kapuni, anavutwa juu. Alikuwa amepiga kelele kwamba ametumwa na Malkia kumteremsha mwana wa mfalme. Watawa walikuwa na shaka, lakini nani angelikataa jina la Malkia? Walikuwa wakivuta.

Wapanda farasi wakapiga baragumu, wakapaaza sauti nao kwamba wametumwa na Malkia. Mtawa mkuu akachungulia kutoka ukingoni, akasikia makundi mawili yanaapa kwa jina moja, na kapu likaendelea kupanda. Ndipo Engeda akaiona kamba ya pili, nyembamba, ile ya kuvutia magunia ya nafaka, inaning'inia upande wa pili wa mwamba. Kati yake na kamba ile palikuwa na uwanja mtupu na mishale.

Mwoga akikimbia, huwa anakimbia kurudi nyuma. Engeda alikimbia mbele, huku akilia kwa sauti, na sababu yake aliisema mwenyewe uzeeni: aliogopa zaidi kuiona sura ile ikianguka. Mshale ulimpata pajani akiwa amebakiza hatua kumi. Alizimaliza kwa kutambaa. Akaufunga ubao kwenye kamba, akaivuta mara tatu kama wafanyavyo wapeleka nafaka, na ubao ukapaa ukizunguka, upande mmoja uso, upande mmoja muhuri.

Huko juu mtawa mkuu aliupokea. Akaona kijana aliyemsomesha miaka kumi na mitatu, sikio lake na kope zake. Akaugeuza akaona muhuri wa mfalme. Akainua mkono. Watawa wakaacha kuvuta, wakaifunga kamba kwenye nguzo, na jemadari Asbe akabaki kapuni, hayuko mbinguni wala duniani, hadi adhuhuri ya pili alipoutupa upanga wake mwenyewe na kuomba maji. Jioni ile Absadi aliteremshwa kwa kamba.

Hadithi ingeishia hapo ningefurahi, na Engeda angefurahi kuliko mimi. Lakini Absadi alipotawazwa aliiweka picha ile katika kanisa alilopakwa mafuta, na watu wakaingia wakaona jicho moja. Mwaka haukuisha. Kabaila mmoja wa kaskazini akaasi, na wapiga ngoma wake wakaimba kwamba mfalme ni Yuda, kanisa lenyewe limeshuhudia. Vijiji vikaamini. Usiache mbachao kwa msala upitao, makasisi wakamwambia mfalme, na mfalme akamwita Engeda, aliyekuja akichechemea.

Safari hii walitazamana uso kwa uso.

"Fundi," alisema Absadi, naye alikuwa ameinamisha kichwa kama alipokuwa dirishani, "jicho lile moja liliniokoa. Sasa linaniua. Watu wangu hawajui kulisoma, na sina miaka mia ya kuwafundisha. Niongezee la pili."

"Halina mahali, bwana wangu. Uso umegeuka."

"Najua. Liweke hivyo hivyo."

Hakukuwa na gogo wala shoka, na pengine Engeda alitamani vingekuwapo, apate cha kuogopa. Alivunja yai, akatenga kiini. Akachukua burashi ya kindi, akachora kwenye shavu, pale penye kivuli alichokifanyia kazi siku nzima, jicho kubwa la kutazama mbele, kama alivyofundishwa utotoni. Mkono wake mzima, ule aliouokoa, haukutetemeka hata kidogo. Alipomaliza aliosha burashi, akaiacha madhabahuni, akaenda zake. Toka siku hiyo alichora watakatifu wa mbele, uso mmoja kwa wote, hadi kufa kwake.

Ubao ule, wasemavyo wasimulizi, uliendelea kukaa kanisani, na wageni walioingia miaka mingi baadaye waliucheka. Walinyosha vidole, wakaambizana kwamba maskini mchoraji huyu hakuijua kazi, ameweka macho mawili ubavu mmoja. Na watawa waliwaonyesha jambo lingine la ajabu: lile jicho la pili lilikuwa limefifia, limelika karibu na kwisha, ilhali la kwanza lilikuwa jipya. Walieleza kwamba ni mabusu ya waumini.

Hayakuwa mabusu. Malkia Amata aliishi miaka kumi na saba baada ya hapo, na kila Jumapili, watu wakishatoka, alikwenda kwenye ubao ule, akaweka kiganja chake juu ya jicho la pili akalifunika, akasimama hapo kwa muda, akimtazama mwanawe.